Majagi Sita na Pengo Moja

Tuseme ukweli jamani. Karibu kila nyumba ya mjini ina vyombo ambavyo havijawahi kuliwa chakula. Kuna seti ya chai yenye ukingo wa dhahabu, glasi za miguu mirefu, na sahani za kioo alizopewa mama siku ya harusi yake. Vinakaa kwenye kabati la vioo sebuleni, vinafutwa vumbi kila Jumamosi, na mtoto akivisogelea anapigiwa kelele kama vile kashika waya wa umeme. Akija mgeni wa heshima, anatolewa kikombe cha kawaida kutoka jikoni. Vya kabatini vinamtazama tu.

Mimi sasa nimeolewa kwenye nyumba ambayo vyombo vya kabatini vinakutazama kweli. Vina macho, vina pua, na kimoja kina meno.

Mpenzi msomaji, naomba uwe na subira. Hii ni habari ya vyombo, lakini ni habari ya mapenzi pia.

Vichwa vya Upanga

Tunaishi Upanga, kwenye fleti za zamani, zile zenye ngazi za sementi, nondo madirishani na kunguru wanaoamsha mtaa mzima kabla ya adhana ya alfajiri. Fleti ni ya wazazi wa mume wangu. Tulihamia humo baba mkwe alipoanza kuugua, na alipofariki Aprili 2023 tukabaki na mama.

Ukiingia sebuleni, kabla hujaona sofa wala televisheni, unaona vichwa. Vichwa sita vya watu maarufu, vya kauri, vimepangwa kwenye rafu ya kati ya kabati. Ukivisogelea ndiyo unagundua kwamba kila kichwa kimetobolewa juu na nyuma kina mkono wa kushikia. Ni majagi. Kwa maana nyingine unaweza kutia maji ndani ya kichwa cha mtu ukamimina glasini, ingawa sijawahi kuona mtu akifanya hivyo.

Wa kwanza ni Louis Armstrong, yule Mmarekani mweusi wa tarumbeta mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye mwaka 1960 alizuru Afrika na kule Kongo akabebwa juu ya kiti mabegani kama mfalme. Ndiye mwenye meno, maana anacheka. Mkono wa jagi lake ni tarumbeta pamoja na leso aliyozoea kufutia jasho. Anayemfuata ni Jimmy Durante, mchekeshaji aliyetajirika kwa pua yake kubwa, naye mkono wake una vinanda vya piano. Halafu kuna Groucho Marx mwenye nyusi na masharubu mazito, ambaye unamshika kwa sigara. Waliobaki ni Beatles: John, Paul na Ringo.

Kama unawajua Beatles, umeshaona tatizo. Walikuwa wanne. Huyo wa nne tutarudi kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka kuivunja familia yetu.

Mambo yalivyoanza

Majagi haya yanatoka Uingereza, kiwanda cha Royal Doulton kilichokuwa Burslem, katika mji wa Stoke-on-Trent, ambako watu wameishi kwa udongo kwa mamia ya miaka. Huko tangu karne ya 18 walikuwa wakifinyanga jagi la mzee mnene aliyekaa na kikombe cha pombe mkononi, kofia yake ya pembe tatu ikiwa ndiyo mdomo wa kumiminia. Mwaka 1934 fundi wao mkuu, Charles Noke, akaamua kuachana na mwili mzima, akatoa kichwa na mabega tu. Watu wakapenda. Ukafuata msururu wa wafalme, mabaharia, watu wa hadithini, na ilipofika miaka ya 1980 zamu ikawa ya wasanii. Majagi ya Beatles na la Armstrong yote yalitoka mwaka 1984.

Namna ya kuyatengeneza ni hivi. Udongo mwororo kama uji unamiminwa kwenye kalibu ya plasta, plasta inanyonya maji, na kichwa kinabaki kimeshika ukutani mwa kalibu kikiwa na uwazi ndani. Kinatolewa, kinachomwa, kinapakwa rangi kwa mkono, kinachomwa tena. Ndiyo maana ukiweka majagi mawili ya mtu mmoja pamoja, hayafanani kabisa machoni. Ukiligeuza, chini unakuta muhuri wa simba na taji pamoja na jina la mwenye sura.

Kinachonifurahisha mimi ni ule mkono. Sura inakuambia mtu huyu ni nani, mkono unakuambia alifanya kazi gani. Huwa nakaa nawaza, tungekuwa na kiwanda kama hicho hapa kwetu ingekuwaje? Mbaraka Mwinshehe ungemshika kwa gitaa. Bi Kidude ungemshika kwa ngoma yake. King Majuto, aliyefia hapo Muhimbili mwaka 2018, nadhani angehitaji mikono miwili, maana alivyokuwa akichekesha, mmoja ungetuponyoka.

Kila safari kichwa kimoja

Baba mkwe alikuwa baharia. Si wa jahazi, wa meli kubwa za mizigo. Alikuwa akiondoka Dar, anakaa baharini miezi sita au zaidi, anarudi na sanduku. Ndani ya sanduku kulikuwa na sabuni, mafuta ya kupikia, nguo za watoto, na katikati, amevingirishwa kwenye sweta, mzungu mmoja wa udongo. Isipokuwa mara ya kwanza, ambapo alikuwa Armstrong.

Hebu kumbuka miaka yenyewe. Ile ilikuwa 1984, 1985. Mwaka 1983 nchi ilikuwa imetoka kwenye kamatakamata ya wahujumu uchumi, maduka yalikuwa matupu na sukari ilikuwa ya foleni. Televisheni haikuwepo, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994. Wanamuziki watu waliwajua kwa sauti, kupitia redio. Sasa mtu anakuletea mwanamuziki mwenye macho! Mume wangu ananiambia majirani walikuwa wanapanda ngazi kuja kumwona Armstrong kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga.

Mama yeye hakuyapenda hata siku moja. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya dini, maana ustadhi mmoja alishamwambia kwamba sanamu ndani ya nyumba ya Kiislamu si jambo jema. Mama alimjibu kwamba hayo si masanamu, ni majagi. Lakini akitaka kuswali sebuleni, anafunika rafu nzima kwa kanga, akimaliza anafunua. Jambo hilo amelifanya miaka yote, na mimi nimeshalizoea. Nikiona Armstrong kavaa kanga, najua ni muda wa swala, napunguza sauti.

Sababu yenyewe nilikuja kuielewa siku moja tukiwa tunachambua mchele. Nilimuuliza tu, mama, hivi huyu mwenye pua kubwa alikuja lini? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Huyo ndiye mumeo. Nimejifungua mwenyewe, baba yake yuko baharini. Kaja na hilo jipua lake mtoto ana miezi mitatu."

Kumbe kila jagi lilikuwa na hesabu yake. Armstrong ulikuwa mfungo wa Ramadhani alioufunga peke yake na watoto wawili. Groucho ulikuwa msiba wa mama yake mzazi, ambao mumewe alipata habari zake akiwa Rotterdam, wiki kadhaa baada ya mazishi. John, Paul na Ringo zilikuwa safari tatu mfululizo, na baina yake mume alikaa nyumbani majuma tu. Wewe na mimi tukiangalia lile kabati tunaona wasanii. Mama alikuwa anaona miezi.

Na baba masikini alidhani anampelekea mkewe zawadi. Hakuwa mtu wa maneno. Barua zake, mama anasema, zilikuwa na mistari minne: nipo salama, meli inaelekea mahali fulani, wasalimie watoto, nitarudi. Vichwa vile ndivyo vilivyokuwa maneno yake. Dada zangu mnaosoma hapa, wangapi kati yetu tuna mwanamume wa hivyo? Ananunua friji badala ya kusema nimekukumbuka.

Kitana cha Freddie

Sasa tuje kwenye kasheshe. Eda ya mama ilikwisha Agosti 2023, na Oktoba ndugu wakakutana kugawana mirathi. Kulikuwa na kiwanja cha Mbagala, akiba kidogo ya benki, na vitu vya ndani. Kwa kawaida vitu vya ndani havigombewi sana. Lakini mwezi mmoja kabla, Septemba, shemeji yangu mkubwa alikuwa amesoma habari za Freddie Mercury.

Freddie, kama hujui, ni mtoto wa kwetu. Kazaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka visiwani mwaka 1964. Alipokuwa nyota wa Queen huko London alipenda sana kukusanya vitu: michoro, vyombo vya kauri, nguo za Kijapani, sanamu za paka. Alipofariki mwaka 1991 nyumba yake na vingi vilivyokuwemo alimwachia Mary Austin, mwanamke aliyekuwa mchumba wake zamani na akabaki rafiki yake wa karibu hadi mwisho. Mary aliviishi vitu hivyo zaidi ya miaka 30, kisha mwaka 2023 akavipeleka mnadani Sotheby's. Watu zaidi ya 140,000 walijitokeza kuviangalia. Vikaleta karibu pauni milioni 40. Kitana chake kidogo cha fedha cha kuchania masharubu, ambacho wenye mnada walikikadiria pauni mia chache, kiliuzwa zaidi ya pauni 150,000.

Shemeji akafanya hesabu kichwani. Kama kitana ni hivi, Beatles je?

Basi bwana, akaanza kuulizia bei. Alichokipata hakikumfurahisha. Majagi ya Royal Doulton yaliwahi kuwa na soko kubwa, lakini waliokuwa wakiyakusanya wamezeeka, wengi wamefariki, na watoto wao hawana nafasi ya kuweka vichwa 200 sebuleni. Kiwanda cha Burslem kilifungwa mwaka 2005. Sasa yapo mengi sokoni kuliko wanunuzi, na mengi ya kawaida yanauzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu. Hela ndefu inabaki kwa yale adimu, kama la Clark Gable, mwigizaji wa Hollywood, lililotoka mwaka 1984 na kuondolewa sokoni haraka. Ukijumlisha gharama ya kusafirisha kauri kutoka Dar bila kuvunjika, unaweza kuwa umemlipa mnunuzi akuchukulie.

Sasa mbona kitana cha Freddie kilikwenda bei ile? Shemeji alisahau jambo moja. Kitana kile hakikuwa na sura ya Freddie. Kilikuwa na Freddie mwenyewe, alikishika, alikitumia, na Mary alikuwa hai kuthibitisha. Royal Doulton wakitengeneza vichwa elfu vya Armstrong, Armstrong hakugusa hata kimoja.

Kitu kimoja tu kilimpa shemeji moyo: Beatles wakikamilika wanne wanapendwa zaidi kuliko wakiwa pungufu. Ndipo akageuka akaangalia kabati.

Wa nne yuko wapi?

Nafasi ilikuwepo. Kati ya Paul na Ringo kuna pengo la upana wa jagi moja. Ukiangalia vizuri utaona limefutwa vumbi kama pengine pote, na mama hajawahi kusogeza wengine kuliziba.

Wifi yangu ndiye aliyeanza. "George yuko wapi?" Kimya. Akauliza tena, safari hii akiniangalia mimi. Si unajua tena, mkwe ndiye anayekaa na mama, mkwe ndiye mwenye funguo. Na kama si mkwe, basi binti wa kazi. Binti wa watu alikuwa jikoni akiosha vikombe, akasikia jina lake, akaja na mikono yenye povu na machozi tayari yanamtoka. Mume wangu akasimama. Shemeji akasema hamna haja ya kusimama, swali ni swali. Nikaona kabisa familia inapasuka mbele yangu kwa sababu ya mpiga gitaa wa Liverpool aliyefariki mwaka 2001.

Mimi sikusema kitu. Ningesema nini? Kwenye kikao cha mirathi ya watu, mke wa mtoto wa mwisho ni mgeni hata akiwa amekaa kwenye sofa aliloliosha mwenyewe.

Mama akavua miwani. Akasema: "Huyo George hajawahi kuingia nyumba hii. Kaeni chini."

Mwaka 1988, akasimulia, sanduku la baba lilikuwa limeshafungwa. Meli ilikuwa inaondoka keshokutwa yake, na alikuwa ameahidi kumleta wa nne ili wakamilike. Usiku mume wangu, wakati huo ana miaka mitatu, akapata degedege. Wakambeba kwa miguu hadi Muhimbili, maana kutoka kwetu si mbali na gari halikuwepo. Akalazwa. Siku ya meli ikafika mtoto bado hajafumbua macho. Mama akamwambia mumewe nenda, kazi ni kazi, utaikosa. Baba akakaa kwenye benchi la wodini. Kesho yake mama akaamka akamkuta palepale, viatu kavitoa, na meli imeshaondoka.

Hakupanda meli tena. Alipata kazi ya ukarani bandarini, mshahara mdogo, akawa anarudi kila jioni na mkate mkononi.

"Nyie mnaona pengo," mama akasema. "Mimi hilo ndilo jagi pekee alilonipa."

Mgawo

Nakwambia hakuna aliyeongea kwa dakika nzima. Mume wangu, ambaye alikuwa hajui habari hiyo hata chembe, alikwenda dirishani akakaa anaangalia nje. Wifi alimfuata binti wa kazi jikoni, na baadaye akaja akanishika mkono. Hatukusema mengi. Siku hizi tunapigiana simu, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya.

Mama akatoa maamuzi, na hakuna aliyepinga. Kila mtoto achukue majagi mawili. Shemeji alichukua Groucho na John, wifi akachukua Paul na Ringo, mume wangu akabaki na Armstrong pamoja na Durante wake wa pua. Kabati libaki kwa mama, na ile nafasi isiwekwe kitu chochote, hata kikombe. Kwa hiyo leo rafu ya kati ina vichwa viwili na uwazi mkubwa, na mgeni akiuliza, mama anaeleza. Zamani hakuwa anaeleza.

Uliza mapema

Kinachoniuma ni kwamba baba mkwe tuliishi naye nyumba moja, akiwa anaugua lakini akili yake timamu, na wanawe watatu hawakuwahi kumuuliza kwa nini Beatles wake ni watatu. Tulimuuliza kama amekunywa dawa. Wote tulikuwa tukipita mbele ya kabati lile kila siku.

Huwa namfikiria Siti binti Saad. Kabla hajawa malkia wa taarabu alikuwa binti wa shamba kutoka Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, akiviuza kwa kuviimbia hadi sauti yake ikajulikana kabla vyungu vyake havijaonekana. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Msanii wetu mkubwa kuliko wote alianzia kwenye udongo! Vyungu vile havipo, vilipikiwa vikavunjika. Lakini habari yake tunayo, na sababu mojawapo ni kwamba muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, Shaaban Robert alikwenda akakaa naye akamuuliza maisha yake, kisha akaandika kitabu. Angechelewa miezi michache angekuta msiba.

Wewe huhitaji kuandika kitabu. Jumamosi hii, wakati wa kufuta vumbi, shusha kitu kimoja kabatini, kipeleke kwa mama au baba, muulize kilitoka wapi na nani alikuwa wapi siku kilipokuja. Muulize pia kuhusu kile ambacho hakipo. Kisha chukua karatasi ndogo, andika, ibandike chini ya chombo. Mume wangu ameshabandika chini ya Durante. Ameandika mwaka wake wa kuzaliwa, jina la mama yake, na maneno haya: baba alikuwa baharini, alirudi.